Nyumba ya Mawe na Maneno Yake: Uhakiki wa Hifadhi ya Mji wa Lamu

Lamu ni mmoja wa miji ya upwa wa Afrika ya Mashariki iliyoandikwa sana na wasanifu majengo, waakiolojia na wanaanthropolojia. Usam Ghaidan, aliyefundisha usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa vitabu viwili juu ya mji huo, mwaka 1975 na mwaka 1976. James de Vere Allen, aliyepata kuwa mkuu wa Makumbusho ya Lamu, aliandika mwaka 1979 juu ya nyumba ya Kiswahili na mila zilizouongoza mpango wake. Linda Donley-Reid alifuata katika miaka ya 1980 na utafiti uliozungumzia nyumba hiyo kama chombo cha mamlaka. Mwaka 1986 ukachapishwa mpango wa hifadhi uliotayarishwa na Francesco Siravo na Ann Pulver. Mji wa kale ulitangazwa na Serikali kuwa ukumbusho wa taifa, na mwaka 2001 UNESCO ikautia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa hesabu ya karatasi, ni nadra kupata mji wa Waswahili uliohifadhika kuushinda huo.

Makala haya yanakusudia kuzihakiki kazi hizo kwa upande ambao haukupewa nafasi ya kutosha, yaani upande wa lugha. Si kwamba waandishi hao hawakuyasikia maneno ya wenyeji. Waliyasikia, wakayaandika katika michoro yao. Walakini waliyachukua kama vibandiko vya kutambulishia vyumba, wala hawakuyachukua kama ushahidi. Hapo ndipo penye kasoro, na kasoro hiyo imeingia hata katika hifadhi yenyewe.

Yafaa kuanza na kitendo cha kujenga. Kiswahili cha leo kinatosheka na neno moja, kujenga, kwa kibanda cha makuti na kwa benki ya ghorofa ishirini. Wahenga wa upwa walitofautisha. Aliyejenga kwa miti na udongo alijenga. Aliyepanga mawe kwa chokaa aliaka, na kutokana na kitenzi hicho tunaye mwashi. Vivyo hivyo kiambaza kilikuwa cha nyumba ya udongo, na ukuta ulikuwa wa mawe. Neno mwashi limesalia, lakini kitenzi kilichomzaa kimesahaulika katika Kiswahili sanifu, hata mwanafunzi wa chuo kikuu hudhani kuwa mwashi ni neno lisilo na ukoo. Jambo hili laonekana dogo. Lakini tofauti ya kuaka na kujenga ilikuwa tofauti ya watu pia: waungwana kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine watumwa, wageni na wavuvi wasio na mali. Atakayeisoma historia ya Lamu katika majengo yaliyosimama peke yake atakuwa ameisoma historia ya walioaka.

Nyumba ya mawe ya Lamu, ambayo mifano yake mingi iliyosalia ni ya karne ya 18 na ya 19, ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Dari ilibebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti moja ndio ulioamua upana wa chumba: nguzo ya mkoko haiwezi kubeba dari ya mawe ikiwa nafasi ya kuvuka inazidi sana mita mbili na nusu au tatu. Kwa sababu hiyo vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, vikifuatana kimoja nyuma ya kingine kama safu za waumini msikitini. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba, na nyumba nyingi za zamani za huko zina vyumba vya upana kama huo huo kwa sababu hiyo hiyo. Huu ni mfano wa kutosha wa kuwarudi wale wanaodhani kwamba kila kilicho cha mawe Lamu kililetwa na Waarabu. Kilichosafiri na kutoa kipimo ni mti wa pwani ya Afrika.

Mgeni aingiapo nyumba ya namna hiyo hukutana kwanza na daka, yaani kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili. Hapo hupigwa hodi, na hapo watu wengi huishia. Baada ya mlango kuna tekani, ambayo huvunja njia kwa kona ili jicho la mpita njia lisifike ndani. Kisha huja kiwanda, uwanja ulio wazi juu, unaoleta hewa na mwanga kwa nyumba nzima kwa kuwa kuta za nje karibu hazina madirisha. Kandoni pake ni sabule, chumba cha mgeni wa kiume, aliyeweza kulala na kula pasipo kuivuka nyumba ya watu. Kutoka kiwandani hufuata msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, na nyuma kabisa nyumba kati. Misana haina milango. Hutengwa kwa mapazia. Na kila hatua ya kuelekea nyuma sakafu hupanda kidogo.

Tazama sasa maneno hayo yanavyosema. Msana wa yuu hauko ghorofani. Uko nyuma ya msana wa tini, umeinuka kwa kipandio kimoja tu. Katika Kiamu cha nyumba, basi, kuwa yuu ni kuwa ndani zaidi, mbali zaidi na njia. Heshima hupimwa kwa kina. Na neno ndani, ambalo wanasarufi hulifundisha kuwa kielezi cha mahali, hapa ni jina la chumba, chumba cha mwenye nyumba na mkewe. Msanifu aliyechora mpango na kuandika kwa lugha yake "chumba cha kulala" mahali pa ndani amepatia matumizi, amepoteza maana. Kilicholindwa na kuta zile nene kilikuwa daraja za kukaribiana: nani anaishia daka, nani anafika sabule, nani anapita pazia la kwanza, nani la pili. Mpango wa nyumba ni sarufi ya uhusiano wa watu, na ina makosa yake kama sarufi nyingine yoyote. Mwanamume asiye wa nyumba akionekana msanani amekosea kiasi kile kile cha mtu asemaye "mtoto kimeanguka".

Ghaidan aliiona sura ya sarufi hiyo vizuri kuliko wengi. Michoro yake iliyopimwa kwa uangalifu ndiyo iliyowaokoa wasomi kutoka katika porojo za watalii, na haitakuwa haki kumlaumu kwa kutokuwa mwanaisimu. Hata hivyo nyumba zake hazina watu. Zinasimama katika karatasi kama nyumba zilizohamwa, na pengine si ajabu, kwani baadhi ya nyumba alizozikuta zilikuwa magofu kweli.

Donley-Reid alikuja na watu, na hasa wanawake wazee, ambao waandishi wa kabla yake hawakuweza kukaa nao. Sifa hiyo haiondoki. Alionyesha kwamba nyumba ya muungwana ilisimama juu ya kazi ya watumwa, kwamba sehemu za chini zilikuwa zao pamoja na bidhaa, na kwamba ukuta wa mawe ulitangaza nani anaaminika katika biashara na nani haaminiki. Lakini pale anapoingia ndani na kuzieleza zidaka, hoja yake yalegea. Safu zile za vidaka vya chokaa, vilivyopambwa na kujazwa vyombo vya kauri, yeye huzipa kazi ya kinga: zawalinda watu na uchafu wa kiibada wa uzazi na mauti, kwa kuwa katika sehemu hizo za nyuma ndimo watoto walimozaliwa na maiti walimooshwa. Huenda kweli wapo waliomwambia hivyo. Ila maelezo ya aina hii hutaka kila kitu kiwe ishara, na kitu kikiisha kuwa ishara hakiulizwi tena kinafanya kazi gani. Kidaka huweka kitu. Hupunguza uzito wa ukuta. Humpa mwenye nyumba mahali pa kuonyesha mali yake kwa wachache wanaoruhusiwa kufika pale, na fahari inayoonyeshwa kwa wachache ni fahari kubwa kuliko ya barazani.

Ushahidi wa jambo hili uko katika ushairi, na ni ajabu kwamba wahakiki wa majengo wameutumia kwa uchache. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir inaitazama Pate iliyoanguka kwa kupitia nyumba zake. Mshairi hakuhitaji kutaja vita wala hazina iliyofilisika. Alitaja zidaka zilizokaliwa na ndege badala ya vyombo, na kumbi zilizobakiwa na popo. Kwake kidaka kitupu ndicho kipimo cha dola iliyokwisha. Kama kidaka kingekuwa hirizi ya ukuta, aibu ya kukiona kitupu ingekuwa ya namna nyingine, ya hofu. Katika utenzi ni aibu ya mali na ya watu waliokwenda zao. Allen alikuwa na nafasi ya pekee ya kulisema hili, maana ndiye aliyeutoa utenzi huo pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1977, miaka miwili tu kabla ya makala yake juu ya nyumba. Kazi hizo mbili zinastahili kusomwa kwa pamoja. Msomaji wa shairi asiyejua msana ni nini hulisoma kama wasia wa dini tu, na msanifu asiyelijua shairi hudhani kwamba Waswahili hawakuwahi kuyahakiki majengo yao wenyewe kabla ya wataalamu kuja.

Swali la hifadhi sasa. Mpango wa 1986 ulikuwa na busara nyingi. Ulitambua kuwa Lamu ni mji wa watu wanaoishi humo, ukaweka kanuni za vimo vya majengo, vifaa na sura za mbele, na ukataka pawe na chombo cha kusimamia ujenzi. Pasipo kanuni hizo huenda Usita wa Mui ungekuwa leo msururu wa matofali ya saruji. Aidha ulisisitiza chokaa, na hili ni jambo la maana kwa fundi: ukuta wa matumbawe hupumua, na ukipigwa plasta ya saruji unyevu na chumvi hufungiwa ndani mpaka jiwe lenyewe likaanza kumeguka. Wapo waliozipiga nyumba zao saruji kwa nia ya kuziimarisha, wakaziua.

Hata hivyo kanuni hulinda kile kinachoonekana kutoka njiani, ilhali nyumba ya Lamu, kama ilivyoelezwa, karibu haina uso wa njiani. Mali yake yote iko nyuma ya tekani. Kwa hiyo nyumba yaweza kutii kila kifungu cha mpango na huku imebadilishwa kabisa. Tangu miaka ya 1990 matajiri kutoka Ulaya na kwingineko wamenunua nyumba nyingi, kwanza Shela na kisha mjini. Wengi wao hutengeneza kwa ustadi. Chokaa ni ya kweli, boriti ni za mkoko, na mafundi wa Lamu hupata kazi na kuendeleza ujuzi wa kuchonga plasta ambao ungekufa. Hilo lazima lisemwe, maana wapo wanaowalaani wanunuzi hao kana kwamba waliingia kwa upanga. Lakini katika baadhi ya nyumba hizo kiwanda kimechimbwa kidimbwi cha kuogelea, msana umetiwa mlango na kuwa chumba cha kukodisha, na ndani imepewa namba. Daka imebaki, nzuri kuliko zamani, na hapana anayeketi.

Kwa nini wenyeji huuza? Jawabu moja ni bei. Jawabu la pili, ambalo hutajwa kwa nadra katika vitabu vya usanifu, ni mirathi. Nyumba ya mawe haigawanyiki kama shamba. Kizazi cha tatu kikifika, nyumba moja ina warithi kumi au ishirini, mmoja Mombasa, mwingine Jidda, mwingine hajulikani alipo. Kila mmoja ana fungu lake kwa sheria ya dini, na hapana mwenye sababu ya kutosha ya kubadilisha boriti iliyooza juu ya fungu la mwenziwe. Zamani desturi ilikuwa na dawa yake: binti akiolewa hupewa sehemu ya nyumba au hujengewa ubavuni, na pengine juu ya njia hupitishwa wikio, daraja la chumba linaloziunga nyumba mbili ili wanawake wa ukoo mmoja watembeleane pasipo kushuka njiani. Ukoo ulikua na nyumba ikakua nao. Wikio ni jengo na ni hati ya ndoa kwa wakati mmoja. Leo nyumba ya upande mmoja ikiuzwa, wikio huzibwa kwa ukuta, na kanuni za hifadhi hazina la kusema kwa kuwa kutoka chini, njiani, wikio laonekana lile lile.

Hatari hii haikuanzia Lamu wala haitaishia huko. Msanifu Hassan Fathy wa Misri alipoanza katikati ya miaka ya 1940 kuijenga Gourna Mpya karibu na Luxor, alitumia matofali ya udongo na kuba za Kinubi, akawaita mafundi kutoka pande za Aswan, na kitabu chake juu ya kazi hiyo kimesomwa ulimwenguni kote. Wanakijiji wengi walikataa kuhamia. Riziki yao ilikuwa katika makaburi ya kale waliyoishi juu yake, na Serikali iliwataka waondoke hapo. Uzuri wa kuba haukuweza kulijibu jambo hilo. Fathy alikuwa mkweli kiasi cha kuyaandika haya yeye mwenyewe. Wafuasi wake, hasa wale wanaopenda picha za kuba zile, wamekuwa wepesi wa kusahau.

Upungufu mwingine wa hifadhi ya Lamu ni kuhusu Langoni. Mji uligawanyika tangu zamani kati ya Mkomani ya kaskazini, penye nyumba za mawe za koo kongwe, na Langoni ya kusini, ambako nyumba za udongo na makuti zilikuwa nyingi na ambako walihamia wageni kutoka Ngazija, Hadhramaut na bara. Msomaji wa michoro ya wasanifu angedhani kuwa Langoni ni ukingo wa mji. Kwa maisha ya watu wa Lamu mambo ni kinyume. Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Swaleh karibu na mwaka 1900, uko upande huo, na Maulidi yake huwakusanya watu wa upwa mzima. Habib Swaleh aliwafundisha watoto wa watumwa na wa wageni elimu ambayo waungwana waliiona kuwa yao. Kama kuna jengo la Lamu lililohudumia umma kwa maana kamili ya neno hilo, basi ni hilo. Na halikuwa na zidaka za karne ya 18 wala mlango wenye mfaa uliochongwa. Kipimo cha hifadhi kinachoanza na umri wa jiwe hakiwezi kulipata jengo la namna hii mpaka liwe limezeeka.

Msamiati wa nyumba nao umepatwa na jambo linalofanana. Baadhi ya maneno yameondoka nyumbani yakapanda cheo. Baraza, kiti cha mawe, limekuwa mkutano wa chifu, kisha likafika hadi kwa mawaziri. Sabule imeingia Kiswahili sanifu kama sebule, ikapoteza mgeni na mlango wake wa peke yake. Kiwanda kimepata mitambo na moshi. Mtoto wa shule wa Nakuru akiambiwa kwamba Lamu kila nyumba ina kiwanda atadhani ni mji wa viwanda. Mengine hayakupata bahati hata hiyo. Msana, tekani na wikio yamebaki kwa wazee na kwa wanaanthropolojia. Haya si malalamiko dhidi ya Kiswahili sanifu, ambacho kina haki ya kuyapa maneno kazi mpya. Lakini idara za usanifu majengo katika vyuo vikuu vyetu hufundisha nyumba kwa Kiingereza kitupu, na idara za Kiswahili hufundisha Al-Inkishafi pasipo kuonyesha mchoro wa nyumba hata mmoja. Kati ya idara hizo mbili maneno hayana mlezi.

Kuna kazi inayoweza kufanywa kwa gharama ndogo. Nyumba za mji wa kale zimepimwa na kuorodheshwa zaidi ya mara moja, na katika orodha hizo kuna nafasi ya aina ya paa, hali ya kuta, idadi ya ghorofa. Iongezwe nafasi ya majina. Mkaguzi aingiapo nyumba amwulize mwenyewe, na ikiwezekana mama wa nyumba, kila pahali paitwaje, nani hulala pale, nani haruhusiwi kupita, na nyumba imeungana kwa ukoo na nyumba ipi. Majibu hayatafanana. Mkomani watasema hivi na Langoni vile. Nyumba iliyopangishwa itakuwa na majina mengine, na baadhi ya vyumba vitakuwa vimekwisha kupewa majina ya Kiingereza na wenyeji wenyewe. Hayo nayo yaandikwe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilipotoa hukumu juu ya bandari mpya ya Lamu, iligusa haki ya wenyeji ya utamaduni wao pamoja na haki ya bahari yao, na wavuvi wakaamriwa kulipwa fidia. Katika kesi ya samaki iliwezekana kuhesabu wavuvi na mapato yao. Siku ambayo kesi itakuwa ya nyumba, wakili wa wenyeji ataulizwa kilichopotea ni nini hasa, wakati kuta zote zimesimama na chokaa yake ni nyeupe, na atahitaji karatasi iliyoandikwa majina hayo.